Lubumbashi hadi Dar es Salaam kwa gari: hesabu siku kabla ya kuhesabu kilomita

Kila mwaka, likizo kubwa ya shule inapokaribia, swali hili husikika katika nyumba nyingi za Lubumbashi: tuchukue gari letu, tupite Zambia, twende kuona bahari Dar es Salaam? Ramani ya simu hujibu haraka. Inaonyesha kilomita zaidi kidogo ya 2,000, barabara ya lami tangu mwanzo hadi mwisho, na idadi ya saa ambazo baba mwenye nguvu anaona anaweza kuzimaliza kwa siku mbili, akipokezana usukani na mdogo wake.

Hesabu hiyo ndiyo inayoingiza watu hatarini. Simu haijui foleni ya Kasumbalesa. Haijui mashimo, wala malori ya shaba yanayopanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Familia iliyopanga siku mbili hukuta njiani kwamba saa hazitoshi, nayo huzitafuta mahali pamoja tu: usiku. Na usiku, kwenye barabara hii, ndipo gari dogo linapokutana na lori lililoharibika, limesimama katikati ya njia bila taa.

Tumeipanga hapa safari hiyo upya, siku kwa siku, kwa familia yenye gari dogo na watoto ndani. Jibu fupi ni hili: siku sita za kwenda, na siku moja ya akiba. Mwenye siku hizo aende kwa amani. Asiye nazo, kuna safari fupi zaidi kwenye barabara hiyo hiyo, na tutazieleza mwishoni.

Mwezi mmoja kabla: karatasi

Safari inapita nchi tatu, na kila nchi ina masharti yake. Kila msafiri awe na pasiporti yake, hata mtoto mchanga. Watoto wabebe pia cheti cha kuzaliwa. Kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, aandike barua ya ruhusa na kuipitisha kwa ofisi inayohusika, kwa sababu maofisa wa DGM huiuliza.

Kuhusu viza, usitegemee maneno ya jirani aliyesafiri mwaka jana. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo masharti kati yetu na Tanzania yamebadilika. Zambia haimo katika jumuiya hiyo, kwa hiyo ina utaratibu wake. Nchi zote mbili zina ubalozi mdogo hapa Lubumbashi: pita huko, uliza, na uulize tena wiki moja kabla ya kuondoka.

Kuna karti mbili za njano, na wasafiri huzichanganya. Ya kwanza ni ya chanjo ya homa ya manjano. Zambia na Tanzania zote mbili huidai kwa mtu anayetoka Kongo, na chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Anayechanjwa siku moja kabla ya safari anaweza kuzuiwa mpakani. Ya pili ni ya bima ya gari, ile Karti ya Njano ya COMESA. Bima ya kawaida ya Kongo huishia Kasumbalesa. Karti hii ndiyo inayolipa madhara utakayomfanyia mtu mwingine ukiwa Zambia au Tanzania. Tanzania ilitoka katika COMESA mwaka 2000, lakini inaendelea kuitambua bima hiyo. Iombe kwa kampuni yako ya bima, na hakikisha majina ya nchi zote mbili yameandikwa juu yake.

Gari nalo linahitaji karti rozi yake ya asili, si kopi. Kama gari limeandikwa kwa jina la shemeji au la kampuni, beba barua ya mwenye gari iliyopitishwa kwa notere. Watu wengi hurudishwa Kasumbalesa kwa jambo hili moja, wakati watoto wamekwisha kuvaa nguo za safari.

Gari lenyewe

Kongo tunapita upande wa kuume wa barabara. Zambia na Tanzania hupita upande wa kushoto. Magari mengi ya Lubumbashi yana usukani wa kuume, nayo yatakuwa nyumbani huko. Lakini kama gari lako lina usukani wa kushoto, fahamu kwamba ukiwa nyuma ya lori hutaona kinachokuja mbele mpaka gari lote liwe limekwisha kutoka nje. Anayekaa kando yako ndiye atakayekuwa macho yako. Basi pale mbele akae mtu mzima aliye macho, si mtoto na si mzee anayelala. Kanuni kati yenu iwe moja: akisema "bado", dereva hapiti.

Polisi wa nchi hizo mbili huangalia vitu vidogo ambavyo kwetu huenda visiulizwe: pembetatu mbili za kuonya, kizima moto, vibandiko vya kung'aa vyeupe mbele na vyekundu nyuma, sanduku la huduma ya kwanza. Nunua vyote Lubumbashi. Fundi aangalie breki kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu njia ina miteremko mirefu, hasa upande wa Tanzania. Matairi ya akiba yawe mawili kama nafasi ipo.

Kwa esansi au mazutu, fanya hesabu rahisi. Gari linalokunywa lita 10 kwa kilomita 100 litahitaji zaidi ya lita 200 za kwenda na kiasi hicho hicho cha kurudi. Jaza tanki Ndola, Kapiri Mposhi na Mpika hata kama halijafika nusu, kwa sababu kati ya miji hiyo vituo ni vichache.

Siku ya kwanza: Lubumbashi hadi Ndola

Ni karibu kilomita 250 tu, na watu huuliza kwa nini tunaipa siku nzima. Jibu ni Kasumbalesa. Kutoka mjini hadi mpakani ni kilomita 90 hivi, lakini mpaka wenyewe unaweza kula nusu ya siku. Hapo ndipo malori yanayobeba shaba na kobalti ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi yanapokutana na malori yanayoleta chakula, mafuta na mashine. Ondoka Lubumbashi saa kumi na moja asubuhi, ili uwe kwenye dirisha mapema.

Upande wa Kongo gari lazima lipate karatasi ya kutoka kwa duane. Upande wa Zambia utapewa kibali cha kuingiza gari kwa muda, na utalipa vitu kadhaa tofauti: ada ya barabara, kodi ya moshi wa gari na ushuru wa halmashauri. Vijana wengi watakuja kukuambia watakumalizia yote kwa bei moja. Ukimchukua mmoja, pesa usimpe mkononi: nenda naye dirishani, lipa mwenyewe, chukua risiti. Kibali cha gari kitunze kama pasiporti, kwa sababu utakirudisha Nakonde ukitoka Zambia. Asiyekirudisha anaonekana kama mtu aliyeliacha gari ndani ya nchi, na matata humngoja wakati wa kurudi.

Baada ya mpaka, njia inapita Chililabombwe, Chingola na Kitwe. Hapa ndipo dereva anapozoea upande wa kushoto. Hatari kubwa si barabarani ukiwa nyuma ya wengine. Ni unapotoka kituo cha mafuta au kwenye mzunguko, pale mkono unaporudia mazoea ya nyumbani. Lala Ndola.

Kama mpaka umekuachia saa mbili, nje kidogo ya Ndola kuna mahali panapogusa historia yetu. Ni pale ilipoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961. Alikuwa anakuja kuzungumza na Moïse Tshombe kuhusu vita ya Katanga. Pana mnara wa ukumbusho na jumba dogo la makumbusho. Kwa mtoto wa Lubumbashi, ni somo ambalo kitabu hakiwezi kulitoa.

Siku ya pili: Ndola hadi Mpika

Hii ndiyo siku ndefu kuliko zote, zaidi ya kilomita 550. Ondoka kukipambazuka. Kapiri Mposhi ndipo njia zinapoachana: moja inaendelea Lusaka, nyingine inageuka kaskazini mashariki kuelekea Tanzania. Hapo ndipo pia inapoishia reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Utaikuta na kuiacha mara nyingi njiani.

Baada ya mashamba makubwa ya Mkushi, unafika Serenje. Fanya uamuzi hapo, si mbele. Kama saa nane ya mchana imepita, lala Serenje. Kutoka hapo hadi Mpika ni zaidi ya kilomita 200 za msitu na vijiji vidogo, na jua la Zambia wakati wa likizo huzama karibu na saa kumi na mbili jioni. Serikali ya Zambia yenyewe ilikataza mabasi ya abiria kusafiri kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja asubuhi, tangu mwaka 2016, kwa sababu ya ajali. Sheria hiyo haigusi gari la familia, lakini sababu yake inaligusa.

Beba nguo za baridi. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Mpika na baadaye wa Mbeya na Iringa huwashangaza watu wanaofikiri wanakwenda kwenye joto la bahari.

Siku ya tatu: Mpika hadi Tunduma

Hapa msafiri wa Haut-Katanga ana faida ambayo wengine hawana. Anayejua Kibemba, kama wengi wa Sakania, Kasenga na Lubumbashi kwenyewe, ataongea na watu bila shida tangu Copperbelt hadi Mpika na Chinsali. Chinsali ndiko alikozaliwa Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, mwaka 1924. Ukifika Nakonde, Kiswahili kinaanza kusikika sokoni. Bukari ya nyumbani imeitwa nshima kwa siku mbili. Kesho itaitwa ugali, na mboga itabadilika zaidi kuliko jina.

Kutoka Mpika hadi Nakonde ni karibu kilomita 375. Nakonde na Tunduma ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Tangu mwaka 2019 kuna kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Kimepunguza kazi ya kupanga foleni mara mbili, lakini malori bado ni mengi sana.

Mambo mawili ya kukumbuka hapa. Kwanza, saa inaruka: Lubumbashi na Zambia tuko saa moja nyuma ya Tanzania. Ukiingia Tunduma saa tisa kwa saa yako, watu wa huko wanahesabu saa kumi. Pili, Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu tarehe 1 Juni 2019. Hamisha vyakula vya watoto kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa kabla ya kufika dirishani.

Chukua kibali cha gari cha Tanzania, lipa ada ya barabara, kisha lala Tunduma. Usijaribu kukimbilia Mbeya jioni hiyo. Ni kilomita 105 hivi, lakini mwishoni mwake kuna mteremko wa Iwambi, jirani na Mbalizi, ambao umeua watu wengi kwa malori yanayokatika breki. Mahali kama hapo hupitiwa mchana, kwa gia nzito, mbali na mkia wa lori.

Siku ya nne: Tunduma hadi Iringa

Kilomita ni kama 435. Baada ya Mbeya, mteremko wa Inyala unahitaji uangalifu ule ule. Kisha nchi inafunguka: Makambako, misitu ya miti ya mbao ya Mafinga, na hatimaye Iringa, mji uliokaa juu ya kilima huku barabara kuu ikipita chini yake.

Kwenye kila kijiji cha Tanzania kuna bango la kilomita 50 kwa saa, na karibu na bango hilo mara nyingi kuna askari mwenye kamera. Hapa watu wetu hulipa faini nyingi kuliko mahali popote. Askari akikusimamisha, msalimu kwa heshima, "Shikamoo afande" kama ni mtu mzima, toa karatasi, na kama una kosa, lipa kwa njia rasmi na upewe stakabadhi. Kiswahili chetu cha Katanga kitamfanya atabasamu, lakini atakielewa.

Siku ya tano na ya sita: Iringa, Morogoro, Dar es Salaam

Saa moja na zaidi baada ya Iringa, barabara inashuka mlima Kitonga kwa kona kali zinazofuatana. Lori moja likikwama, kila kitu husimama. Shuka polepole, usipite mtu kwenye kona. Chini unapokelewa na bonde la mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, vilivyopangwa kando ya barabara kama matofali mekundu.

Mbele yake ni Mikumi. Barabara inakata katikati ya hifadhi ya wanyama kwa karibu kilomita 50. Twiga, tembo na nyati huonekana bila kulipa tiketi, na kwa watoto hiyo ni zawadi ya safari nzima. Lakini anayegonga mnyama hulipa faini kubwa, na anayegonga nyati usiku huenda asiwe na faini ya kulipa tena. Pita mchana, madirisha yamefungwa, usisimame kupiga picha nje ya gari.

Lala Morogoro. Dar es Salaam iko kilomita 190 mbele, na hamu ya kufika ni kubwa, lakini kuingia mji mkubwa namna ile jioni, katika foleni ya Kibaha na Kimara, baada ya siku tano za usukani, ni kuutafuta ugonvi. Asubuhi ya siku ya sita utafika kabla ya mchana, ukiwa na akili timamu ya kutafuta hoteli.

Pesa na simu

Utatumia franga, kwacha na shilingi. Badilisha kidogo kidogo kwenye benki au ofisi yenye kibali, si kwa vijana wa mpakani wanaohesabu haraka kuliko macho. Dola za akiba ziwe noti mpya zisizochanika. Gawa bajeti katika mafungu manne: mipaka, mafuta, usiku wa kulala, na fungu la matata ambalo haliguswi kwa jambo lingine. Kampuni ya Airtel inafanya kazi katika nchi zote tatu. Vodacom iko Kongo na Tanzania, lakini Zambia haipo. Andika namba muhimu pia kwenye karatasi, kwa sababu simu huisha chaji.

Siku ya akiba si anasa

Mwezi Agosti 2024, katikati ya likizo, Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo kwa siku chache kwa sababu ya mzozo wa biashara kuhusu bia na vinywaji vingine. Hakuna msafiri aliyeweza kulipanga hilo. Mwenye siku ya akiba alingoja. Asiye nayo alianza kuhesabu ni usiku gani ataendesha ili awahi kazini Jumatatu. Hiyo ndiyo tofauti ambayo siku moja inaleta.

Ukiwa na wiki mbili tu

Sasa tufanye hesabu wazi. Siku sita za kwenda, sita za kurudi na moja ya akiba ni 13. Katika likizo ya siku 14, inabaki siku moja ya bahari. Safari hiyo haifai, hata kama pesa ipo.

Kuna namna tatu za kuirekebisha. Ya kwanza ni kuishia Mbeya. Unafika siku ya nne asubuhi, unarudi kwa siku nne, na ukitoa ile ya akiba unabaki na siku tano za kuzunguka Tukuyu, Daraja la Mungu, na ufuko wa Matema kwenye Ziwa Nyasa, ambako watoto wataoga kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Ya pili ni kubaki Zambia: maporomoko ya Kundalila katika wilaya ya Serenje na maji ya moto ya Kapishya upande wa Shiwa Ng'andu, bila kuvuka mpaka wa pili. Ya tatu ni kwa yule anayekwenda kuchukua gari alilonunua kupitia bandari ya Dar es Salaam: aende kwa basi au ndege, peke yake au na dereva wa pili, arudi akiendesha. Siku zake zinapungua kwa nusu, na watoto wanabaki nyumbani.

Kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba mnakwenda Dar, chukua kalenda, weka alama kwenye siku mnayopaswa kuwa mmerudi, na hesabu kutoka hapo kuelekea nyuma. Kama siku sita za kurudi na ile ya akiba hazikai vizuri kabla ya alama hiyo, mwisho wa safari yenu mwaka huu uwe Mbeya.